Hati Niliyomnyima Eusebia

Mwanangu Tasiana,

Habari za blanketi, ndoo na kuchemsha maji shangazi yako ameshakupa tangu juzi, na ninavyomjua atazirudia mpaka mlangoni mwa basi. Mimi sitazigusa. Umekwenda Mpitimbi kumuaga bibi yako, nyumba imetulia, na nimekaa kwenye meza hii ambayo juu yake nimeandika barua zangu zote za magazetini, zile ulizokuwa ukizicheka ukisema mama anapigana na serikali kwa stempu. Leo siandiki kupigana na serikali. Nina ugomvi na mtu mmoja tu, mwalimu wa elimu ya watu wazima aliyepunguzwa kazi, mwanamke aliyesoma vitabu vingi kuliko busara yake ilivyoweza kubeba, ambaye kwa miaka saba alikuwa katibu wa baraza la usuluhishi wa ndoa la kata yetu. Unamjua. Ndiye aliyekuzaa.

Tangu ilipokuja barua kwamba umepangiwa uhakimu wa mahakama ya mwanzo Tunduru, watu hawajaacha kuja. Nimepokea kuku wawili, debe la mahindi, na pongezi za watu ambao mwaka jana hawakuwa wakinisalimu. Nimecheka nao. Lakini usidhani mama yako ana matumaini makubwa. Sina. Ningeweza kukudanganya, kama wazazi wanavyofanya mtoto akishabeba sanduku, nikakwambia nenda ukatende haki. Mimi niliwahi kuwa na haki mkononi, pamoja na muhuri wake na kidau chake cha wino, na nataka ujue niliifanya nini.

Fundi Eusebia unamkumbuka. Ndiye aliyekushonea sare yako ya kidato cha kwanza, akaacha upindo mpana ili sketi ikufikishe kidato cha tatu bila mimi kununua nyingine. Uliwahi kuniuliza kwa nini tukipita Mjimwema navuka barabara kabla ya kufika pale anaposhonea. Nikakujibu nafuata kivuli. Upande ule hauna kivuli.

Ulikuwa mdogo wakati mambo yalipoanza, na nadhani unachokumbuka ni kwamba ghafla madukani palikuwa na sabuni. Sisi tunakumbuka mengine. Wanunuzi binafsi walikuja na mizani yao na malori yao, ushirika ukalala kama ng'ombe aliyevunjika mgongo, na wanaume waliokuwa na mshahara wakajikuta asubuhi moja hawana pa kwenda. Tuliambiwa ruksa. Biashara ruksa, mitumba ruksa, kila mtu na lwake. Hakuna aliyetuambia mwanaume aliyezoea kuitwa bwana dereva afanyeje siku anapoamka na kukuta mkewe ndiye anayenunua chumvi.

Osmund, mume wa Eusebia, alikuwa dereva wa lori la ushirika. Kiinua mgongo chake kilidumu miezi mitano, na nakwambia mitano kwa huruma. Eusebia alikuwa akipika komoni nyuma ya nyumba tangu zamani. Kwa pombe hiyo alinunua cherehani moja, kisha ya pili, akapangisha kichumba karibu na soko. Kazi yake ilikuwa kuchukua mitumba iliyoletwa kwa ajili ya watu wanene wa nchi za baridi na kuipunguza ikawakaa watu wa Songea. Alikuwa hodari. Akikutazama mara moja anajua kiuno chako, hana haja ya futi.

Ndipo habari za mawe ya thamani zikafika. Kila mwenye miguu akataka kwenda Tunduru kuchimba, na kila mwenye chochote cha kuuza akakiuza apate mtaji. Osmund hakuwa na chochote. Akaziona cherehani.

Sasa nikueleze baraza, maana wewe sheria hii umeisoma darasani na mimi nimeishi ndani yake. Mwanamke hawezi kwenda mahakamani kudai talaka, na kwa hiyo hawezi kudai mgawanyo wa mali waliyochuma, mpaka baraza limuandikie hati kwamba limejaribu kuwapatanisha na limeshindwa. Hati ni ukurasa mmoja. Majina, tarehe, sahihi ya mwenyekiti, muhuri. Sisi tulikuwa watu watano: mwenyekiti wetu Mzee Kastori, aliyekuwa karani wa ghala, wanaume wengine watatu, na mimi. Fomu za hati zilikaa kwenye bahasha kabatini. Kwa miaka saba bahasha ile haikupungua hata fomu moja, na jambo hilo lilikuwa fahari yetu.

Fahari yangu zaidi. Nililiandikia gazeti kurasa mbili. Nikasema mahakama zimekuwa soko, hukumu inauzwa kwa kilo, na kwamba huku kusini wananchi wenyewe, bila wakili na bila rushwa, wanamaliza magomvi yao kwa kukaa pamoja. Nikaisifu desturi ya Mzee Kastori ya kuwakalisha mume na mke benchi moja, bega kwa bega, tangu mwanzo wa shauri mpaka mwisho. Mzee alikuwa akisema watu waliokaa benchi moja hawawezi kuchukiana mpaka jioni, na sisi tulicheka, na mara nyingi ilikuwa kweli. Nilimwona mume mmoja akimpepea mkewe kwa kofia yake kabla shauri halijaisha. Kwa watu waliogombania mbuzi, au mama mkwe, benchi lile lilikuwa dawa. Ile makala watu waliikata wakaibandika ofisini. Nilikuwa nikipita naitazama.

Eusebia alikuja kwetu mwezi huohuo. Jicho lake moja lilikuwa limevilia damu. Akatuamkia wote kwa zamu, akaketi, na nilipomuuliza shauri lake ni nini akasema, "Mwalimu, sikuja kushtaki kipigo. Kipigo nimekizoea. Nimekuja kushtaki cherehani zangu."

Tasiana, nilifurahi. Lazima nikuambie kama ilivyokuwa. Kipigo kilikuwa kinatusumbua sana barazani. Mmoja anasema nilipigwa, mwingine anasema nilimsukuma tu, majirani wamenyamaza, mnakaa mpaka jua linazama. Lakini mali inashikika. Mali unaweza kuihesabu na kuigawa. Nikamgeukia Mzee Kastori nikamwambia kwamba hili ni la mali tu, tutalimaliza kabla ya chakula cha mchana. Na kwenye kitabu cha kumbukumbu, pale aliposema kipigo, sikuandika. Nilijiambia napunguza moto. Nilijiambia mwanaume akiona limeandikwa atakasirika, na akikasirika hatutafika popote. Tukiweka kipigo pembeni tutazungumza kama watu wazima.

Hapo ndipo nilipokosea, na kila kilichofuata kilitoka hapo. Kipigo hakikuwa jambo la pembeni. Kila shilingi iliyotoka mkononi mwa Eusebia kwenda mkononi mwa Osmund ilipita njia hiyo. Nilikiondoa kwenye kitabu nikakiacha chumbani, kimeketi nasi, hakina jina.

Osmund alikuja safi, shati limepigwa pasi, akamwita kila mmoja wetu mzee wangu, na mimi akaniita shemeji. Akasema cherehani zilinunuliwa ndani ya nyumba yake, kwa pombe iliyopikwa kwa kuni zake, basi ni zake. Mzee Kastori akamtania kwamba kwa hesabu hiyo hata mtoto aliyezaliwa ndani ya nyumba ni wa kuni. Tukacheka wote. Eusebia naye alicheka, kidogo.

Nilisimama nikazungumza juu ya jasho la mwanamke. Nilizungumza vizuri. Nikapendekeza makubaliano ambayo niliyaona ni kazi ya akili: cherehani ni mali ya wote wawili, mapato yatunzwe na mume kama mkuu wa nyumba, naye atoe fedha ya chakula kila wiki, na cherehani yoyote isiuzwe ila kwa makubaliano ya mume na mke, mbele ya baraza. Hilo la mwisho ndilo nililojivunia. Nilidhani nimemwekea Eusebia kufuli. Nikawauliza wote wawili, pale benchini, kama wamekubali. Osmund akasema amekubali. Eusebia naye akasema, "Nimekubali." Nikaandika: Wamekubaliana. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, unaujua.

Hazikupita wiki mbili wakarudi. Osmund akasema mke wake ameridhia cherehani moja iuzwe apate nauli na mtaji wa Tunduru, na kwa kuwa baraza liliagiza wakubaliane mbele yake, ameona alete mwenyewe. Eusebia alikuwa amefunga mkono wa kulia kwa kipande cha khanga. Mzee Kastori akamuuliza mkono una nini. Pasi, akasema, makaa yaliruka. Khanga ilikuwa imelegea. Fundi wa miaka yote ile, Tasiana, aungue nyuma ya mkono, pande zote mbili za kifundo.

Niliona. Wenzangu pengine hawakuona, wao ni wanaume, mambo ya pasi hawayajui. Mimi niliona, na nilijua, na nilikuwa na kalamu mkononi. Nikauliza, "Umekubali?" Akasema amekubali. Nikaandika neno lile lile.

Kwa nini? Nimejiuliza mara nyingi, na majibu yangu ya kwanza yote yalikuwa ya kujitetea. Nikasema sikuwa na ushahidi. Nikasema mimi ni katibu, siyo polisi. Ukweli ni mdogo na mchafu zaidi. Kama ningeuliza swali la pili, kufuli langu lingevunjika mbele ya watu, na makala ilikuwa bado ukutani.

Kulikuwa na jingine, na hili linamhusu baba yako, Mungu amrehemu. Mara moja katika ndoa yetu alinipiga kofi. Ulikuwa unatambaa. Nilimrudishia kwa mwiko wa ugali, akakaa na nundu wiki nzima, akawaambia wenzake kazini kwamba amegonga mlango. Hakurudia, na baada ya miaka tulikuwa tukicheka. Mimi juu ya nundu ile nilijenga falsafa nzima. Niliamini mwanamke anayepigwa ni mwanamke ambaye hajaamua. Nilimtazama Eusebia pale benchini nikamwona mtu aliyekosa ujasiri wangu. Sikujua kwamba sikuwa na ujasiri wowote, nilikuwa tu na mume aliyeona haya. Ule ulikuwa wema wa baba yako, nami nikauvaa kama sifa yangu.

Cherehani ya kwanza ilikwenda. Osmund alikaa Tunduru miezi minne, akarudi mweusi na mwembamba, na mawe matatu ya rangi aliyokuwa akiyaonyesha watu vilabuni mpaka mnunuzi mmoja akamwambia ni chupa. Sasa ilibaki cherehani ya pili.

Ndipo Eusebia akanijia nyumbani, peke yake, mchana, amebeba nguo za mtu kama anapeleka kazi. Hakutaka kuketi. Akaniomba kitu kimoja tu, ile hati. Alikuwa amemuuliza karani wa mahakama, akaambiwa akiwa na hati anaweza kufungua shauri, na hakimu anaweza kuamuru cherehani ikae kwake. Nikamwambia lakini wewe mwenyewe ulikubali, mama, mara mbili, nimeandika.

"Mguu wake ulikuwa juu ya wangu," akasema. "Pale chini ya benchi. Kila mlipouliza, anakanyaga. Mlikuwa mnaniuliza mimi, anajibu yeye kwa kisigino."

Nilimwamini, nakuambia kweli. Lakini angalia akili yangu ilikwenda wapi. Haikwenda kabatini kwenye bahasha. Ilikwenda kwenye benchi. Nikaona nimegundua kasoro ya utaratibu, na kasoro ya utaratibu hurekebishwa. Nikamwambia asubiri, baraza litamsikiliza peke yake, chumba cha ndani, mume akiwa nje. Nilifurahia wazo hilo. Nilikwisha kuanza kuliandika kichwani kama makala nyingine.

Tukamwita. Osmund akabaki nje ukumbini, Eusebia akaingia nami chumba cha vifaa, mlango umefungwa. Nikamwambia sasa sema, hakuna anayekusikia. Akatazama mlango. Akaniuliza, "Nimekaa humu dakika ngapi?" Nikamwambia aachane na dakika. Akasema, "Yeye huko nje anazihesabu. Tukifika nyumbani nitamwambia dakika zote hizi nilikuwa nasema nini?" Akasimama. Hatukumaliza hata muda wa kuchemsha chai, akatoka akasema mbele ya wote kwamba hana neno. Nimesikia baadaye kwamba ule muda mfupi aliokaa ndani ulikuwa kosa jipya, na aliulipia.

Wewe huko uendako utawatenga mume na mke, maana wewe ni mwanangu na una akili. Utamuuliza mwanamke peke yake. Utamuuliza amekuja na nani na nauli katoa nani. Fanya hivyo. Lakini usije ukadhani mlango uliofungwa unamtenga mtu na mwanaume anayerudi naye nyumbani jioni. Mimi nilidhani. Ukishamwachia, ana barabara nzima ya kutembea na yule uliyemtoa nje.

Mara ya mwisho alikuja mbele ya baraza zima akaomba hati waziwazi, Osmund akiwa amekwenda Namtumbo kutafuta kibarua kwenye tumbaku. Nafikiri alitumia nguvu zake zote siku ile. Mzee Kastori akamkumbusha kwamba wamefunga ndoa kanisani. Akasema baraza hili halijawahi kushindwa, na halitaanzia kwake. Wale watatu wakaafiki. Kisha wakanitazama mimi, mwanamke mwenzake, msomaji, mwandishi.

Nilizungumza karibu nusu saa, Tasiana. Nikamweleza kwamba mahakamani atazungushwa mpaka achakae, kwamba karani atataka chai na mpiga chapa atataka soda, kwamba mwenye fedha ndiye atakayeshinda, na yeye hana. Nikamwambia hati ile ni mlango wa kuingilia shimoni. Nikamwambia apiganie haki yake hapa hapa, miongoni mwa watu wanaomjua. Kila nilichosema juu ya mahakama kilikuwa kweli. Ndilo linaloniumiza mpaka leo. Nilitumia ukweli kumfungia mtu mlango ndani ya nyumba inayoungua.

Alisubiri nimalize. Kisha akasema, "Unasema vizuri sana, mwalimu." Akajitandia khanga, akatuaga kwa zamu kama alivyotuamkia siku ya kwanza, akaondoka. Mzee Kastori akaniambia kwamba nimelimaliza vizuri.

Cherehani ya pili iliuzwa kabla mahindi hayajakauka. Hawakuja tena kwetu kusema wamekubaliana. Hawakuona haja.

Niliacha ukatibu mwaka uliofuata. Wewe nilikuambia nimechoka. Nilipotoka niliibandua ile makala, nikakuta ukutani chini yake rangi ni mpya, kipande cha mraba, na kila anayeingia akawa anaulizia pale palikuwa na nini.

Tangu hapo nimeifuata hati ile kama mtu anayefuata deni la marehemu. Mzee Kastori alikataa mpaka alipopooza. Mwenyekiti aliyemfuata alisema faili halionekani. Nimeandika barua wilayani, nimegombana na watu wawili niliowafundisha kusoma, nimeitwa mvunja ndoa sokoni, na walioniita hivyo walikuwa wanawake. Wiki iliyopita kaingia mwenyekiti mpya, kijana mfanyabiashara, anataka kabati lile aweke bidhaa zake. Akatoa mafaili yote ya zamani, na kila lililokuwa na ombi la hati akalisaini, moja baada ya jingine, huku anakunywa soda, bila kusoma. Tulimnyima Eusebia hati kwa fikra nyingi na hotuba nzuri. Akapewa bila fikra yoyote.

Jana asubuhi, ulipokuwa unafunga sanduku, niliichukua nikaenda Mjimwema. Sikuvuka barabara.

Anashonea kwenye kibaraza cha duka, cherehani ya mwenye duka, analipwa kwa kila nguo. Yeye na Osmund wanaishi wote bado. Eusebia amezeeka, Tasiana, ni mdogo kwangu kwa miaka mitano na ungemwita bibi. Mkono ule wa kulia haukunjuki sawasawa, kitambaa anakisukuma kwa kiganja. Nilimsalimu, akaniitikia, akaniuliza habari zako. Alikuwa amesikia. Akasema mtoto amekua, na akauliza kama sketi ilimfikisha cha tatu. Nikasema ilimfikisha.

Nikampa hati. Akaisoma yote, polepole, midomo ikicheza, maana kusoma alijifunza ukubwani, darasani kwangu. Akafika chini kwenye muhuri. Akaniuliza sasa hii ni ya kugawana nini. Nikaanza kumweleza kwamba bado ana haki, kwamba hakimu anaweza kuzingatia mali iliyouzwa, kwamba kuna fidia, kwamba wewe unaweza kumwelekeza kwa mtu. Nilijisikia nasema. Nilijua kila neno ni kweli na kwamba hakuna hata moja litakalofika kwenye kibaraza kile. Akainua mkono wake ule mbaya, siyo kwa hasira, kama mtu anayesimamisha cherehani.

"Siku ile ya khanga mkononi," akasema. "Ulipoandika kwamba nimekubali. Ulijua?"

Nimebishana na paroko, na katibu wa chama, na wahariri watatu, na baba yako, na wewe. Sijawahi kukosa la kusema. Nilitazama uzi uliokuwa kwenye sindano.

"Nilijua," nikamwambia.

Akatikisa kichwa taratibu. Sikuona hasira usoni mwake. Ingekuwepo ningeipokea kama zawadi. "Basi," akasema. "Miaka yote hii nilikuwa nadhani labda mimi sikusema vizuri."

Akaikunja hati, akanirudishia. Kwake, akasema, haina pa kukaa. Osmund akiikuta atauliza imetoka wapi na lini. Kisha akaniomba niondoke, kwa adabu, akaniita mwalimu, kwa sababu huo ulikuwa wakati wa Osmund kupita kuchukua fedha ya siku.

Nikaondoka. Nilipofika njia panda nikamwona Osmund anakuja, shati limepigwa pasi, akavua kofia. "Shikamoo, shemeji," akasema. Nikaitikia. Kinywa kiliitikia chenyewe, Tasiana, marahaba, kama ilivyo desturi.

Mama yako.